Mwalimu Xavérine na Daftari Lililokutwa Mezani

Ndugu waombolezaji, majirani wa Biryogo, na nyote mliovuka vizuizi vya barabarani kufika hapa, mimi ni Frederick, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Xavérine Gahongayire, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyowafundishia wengi wenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 huko Save, akasoma Bukoba, ambako baba yetu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kahawa, akahitimu mwaka 1961 akiwa na Kiingereza ambacho kwetu wakati huo kilikuwa adimu. Mwaka 1966 aliajiriwa mapokezi katika hoteli moja ya Kiyovu, na tarehe 18 Julai 1970 alifunga ndoa na Melchior Nzeyimana, dereva, aliyetangulia mbele za haki mwaka 1985, nao walijaliwa mtoto mmoja, Christella.

Tangu Februari 1982 alifundisha Kiingereza sebuleni kwake, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la vitenzi vya kuanza, kwani alisema Mwingereza hatosheki na "kuanza" moja: safari huanza kwa "set off", duka jipya kwa "set up", mechi ya mpira kwa "kick off", na moto au vita, visivyongoja ruhusa ya mtu, kwa "break out".

Oktoba 1990 vita vilianza, waasi wakiingia kutoka upande wa Kampala, na asubuhi ya tarehe 9 askari walipekua nyumba yake, wakakuta mezani daftari lisilo na jina, lililokuwa likingoja kusahihishwa. Mkubwa wao, aliyekuja na kamusi, aliuliza, "Mama, hii 'set off' iko kulipua bomu. Na hii 'break out' iko kutoroka gereza. Bomu iko wapi?"

Christella, aliyesimamishwa ukutani, anakumbuka kwamba mama yake alijibu bila haraka kuwa maana hujulikana kwa maneno yanayoandamana na kitenzi, akamwomba yule mkubwa asome sentensi nzima, naye akasoma kwamba tutaanza safari saa kumi na mbili.

"Saa kumi na mbili ya siku gani? Nani hao 'sisi'? Nani aliandika?"

"Ni mwandiko wangu," alisema marehemu.

Haukuwa wake. Daftari lilikuwa la jirani yetu Usumani, fundi cherehani, aliyejifunza Kiingereza ili aende kununua vitambaa Kampala, na kwa siku zile jina lake na neno Kampala vingetosha kummaliza. Dada yetu alishikiliwa hadi tarehe 22 Machi 1991, akaulizwa swali lile mara nyingi, kwa namna ambazo sitazisoma mbele ya mtoto wake, na akarudi figo zimeharibika.

Usumani alimwendea siku ileile, akamwambia, "Mwalimu, ile daftari iko yangu. Nilipaswa kuja kusema."

"Ungekuja, wangetushika wawili," alimjibu. "Kaa chini. Sentensi ya nne ina kosa."

Aliendelea kufundisha hadi Desemba 1993, ugonjwa ulipomlaza, na Ijumaa tarehe 11 Machi 1994, saa nne asubuhi, aliaga dunia, Christella akiwa amemshika mkono. Sisi tulitaka habari ya daftari tuipite kimya, maana hata hapa wapo wanaoandika majina ya watu, lakini Usumani alikataa, akatuambia jana kwamba kama haisomwi ataisimulia mwenyewe kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, muuguzi Spès aliyeleta dawa kwa miguu siku barabara zilipofungwa, wafanyakazi wenzake wa hoteli, pamoja na majirani, Waislamu na Wakristo, waliochimba kaburi. Tutatembea pamoja kwenda na kurudi, mtu yeyote asibaki nyuma. Usumani ameomba kubeba jeneza upande wa kichwa, na familia imekubali.

Dada yangu Xavérine, pumzika kwa amani, hiyo ambayo sisi tuliobaki hatujaipata.