Upepo Kwenye Kope za Mbwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka daktari wa macho ya wanyama. Narudia: ya wanyama, si ya watu. Watu, alisema, hawaaminiki. Wanakuambia wanaona hata pale wasipoona kitu.

Walimwita Hakika Gani, maana kila jambo alilijibu hivyo. Ukimwambia ni asubuhi, anachungulia dirishani kwanza. Mjane wake anaapa kwamba siku ya ndoa alisoma cheti mara tatu, kisha akamtaka msajili naye atoe kitambulisho.

Kwa miaka sita alitafuta dawa ya matone ya presha ya jicho, ugonjwa unaompofusha mbwa polepole. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa. Mbwa tisa vipofu walitiwa matone. Kipimo kilikuwa chepesi: unapeleka kiganja ghafla mbele ya jicho. Mbwa anayeona hupepesa. Kipofu hukukodolea tu.

Mbwa saba wakapepesa.

Idara yake nzima ya utafiti ikashangilia. Mkuu wa idara akapanga kuwatangazia wageni siku ya Ijumaa, kisha mbwa warudi kwa wenyewe. Mmoja alikuwa wa fundi viatu anayeshonea kando ya barabara kuu. Fundi hakungoja Ijumaa. Aliposikia mbwa wake amepona, alikuja kumchukua siku hiyohiyo.

Hakika Gani peke yake hakucheka. Alimshuku msaidizi wake kwamba anawanong'oneza mbwa. Akashuku feni. Akashuku sabuni. Akawa anaondoka nyumbani mapema, kakumbatia kitu bapa kilichofunikwa taulo, na kipande cha nyama mfukoni. Mkewe naye akaanza kushuku.

"Nilijua kuna mwanamke," anasimulia mjane. "Nikamfuata hadi maabara. Nikamkuta kapiga magoti mbele ya mbwa, na katikati yao kioo cha dirisha langu la jikoni. Nikasema, jamani, afadhali angekuwa mwanamke."

Kioo ndicho kilichosema kweli. Kiganja kilipokuja nyuma ya kioo, hakuna mbwa aliyepepesa. Hata mmoja. Kumbe walikuwa wakipepesa kwa sababu ya upepo wa mkono wake, uliowagusa kope. Kabla ya matone alipeleka mkono taratibu. Kadiri tumaini lilivyomjaa, ndivyo mkono ulivyozidi kasi, naye asijue. Narudia: upepo wa mkono wake mwenyewe. Alishuku kila kitu isipokuwa huo.

Mkuu wa idara alimtazama kwa jicho la pembeni, akamuuliza amepewa nini na wapinzani wao. Wenzake wakaacha kuzungumza kila alipoingia chumba cha chai. Yeye akaandika kwamba dawa yake haiponyi, akasaini, akatoka mbio.

"Baba hakuwa anakimbia hata mvua," anasema binti yake. "Siku hiyo alinipita njiani, hata salamu hakunipa. Nikamfuata."

Daktari alimkuta fundi viatu kainama, vidole vyake vimeshika fundo la kamba shingoni mwa mbwa, ndiyo kwanza anataka kumwachia atembee mwenyewe. Mbele yao malori yanapita. Daktari akamwambia asifungue, mbwa bado haoni.

"Umejua lini, daktari?"

"Leo asubuhi."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa, ndugu yangu. Nilikosea mimi."

Binti anasema fundi alimkagua baba yake kama anayekagua soli ya bandia. Akamtazama juu, akamtazama chini. Kisha akaikaza kamba, akaongeza fundo la pili.

Daktari alirudi maabara kuanza upya. Dawa hakuipata hadi alipofariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na tisa.

Mama mjane, na wewe binti, poleni sana. Tuko pamoja nanyi katika msiba huu. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize leo: lile jambo tunalotamani kuliko yote liwe kweli, tumelipima kwa mkono wa nani?