Baba Yetu Mzee Ngazi, Fundi wa Taa za Barabarani (1951–2023)

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Ngazi, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na muuza mkaa. Bibi alikuwa akisema alitoka amekunja ngumi kama aliyeshika bisibisi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la saruji, kuanzia 1959 hadi 1966. Akiwa darasa la sita aliifungua redio ya mwalimu mkuu iliyokuwa bubu, akaifunga tena, ikaimba. Skrubu moja ikabaki.

"Na hii je?" mwalimu mkuu akauliza.

"Hiyo ilikuwa ya ziada, mwalimu."

Alichapwa viboko viwili kwa kuifungua, akapewa daftari jipya kwa kuiponya.

Baada ya chuo cha ufundi, tarehe 2 Januari 1971 aliajiriwa na idara ya umeme ya mji, kitengo cha taa za barabarani. Aliifanya kazi hiyo miaka arobaini, ngazi begani, hata watoto wa mtaa wakampa jina hilo naye akaliitikia. Mitaa aliyoikuta gizani aliiacha ikiwaka.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji. Kila jioni, akishafunika cherehani, mama alitoa viti viwili uani akaketi kutazama nyota.

"Baba watoto, toka basi uone."

Baba, akiwa amejinyoosha kwa uchovu, alijibu: "Kwani nyota zina pa kwenda? Kesho."

Mwezi Juni 1998 umeme ulikatika mtaani kwetu na mitaa yote ya jirani. Anga likafunguka, majirani wakatoka nje, wakatazama juu. Mama alimkimbilia baba, akamkuta juu ya nguzo. "Inua macho kidogo tu!" akamwita. "Nakaribia kumaliza, mke wangu." Punde taa zikawaka, nyota zikafifia. Watu wakampigia makofi. Mama alirudi nyumbani peke yake.

Mama alifariki ghafla tarehe 19 Aprili 2010, akiwa ameketi uani peke yake. Baba alikuwa ndani.

Alistaafu mwaka uliofuata, na jioni ya kwanza alitoka kwenda uani kutazama nyota. Akasafisha miwani, akaisafisha tena. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba ilikuwa imemla kimyakimya kwa miaka. Mwaka 2015 alipofuka kabisa.

Mimi ninayewasomea, binti yake, nilihamia kwake. Kila jioni alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, leo ziko?" Mwanzoni nilitoka nikamweleza nilichoona. Baadaye, nikiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, nilimjibu nikiwa mezani: "Mawingu, baba." Mawingu hayo yalidumu miezi. Asubuhi moja Oktoba iliyopita, jirani yetu kinyozi alimwambia kwa nia njema, "Mzee, jana nyota zilijaa kama mchele uliomwagika!" Baba akageuza uso kunitafuta nilipo.

"Ulikuwa umechoka, mwanangu," alisema. "Hata mimi nilikuwa nachoka."

Hakuniuliza tena.

Alipatwa na nimonia, akalazwa tarehe 27 Februari 2023. Siku ya tano nilimwinamia nikamwambia akirudi nitaketi naye nje kila siku. Sijui kama alisikia. Alifariki tarehe 6 Machi, saa kumi na moja jioni. Usiku huo nilisimama uani. Anga lilikuwa safi kabisa, nami sikuweza kulitazama.

Marehemu ameacha watoto wawili, mimi na kaka yangu fundi magari. Ameacha pia mkwe mmoja, wajukuu watano, na dada yake mdogo, shangazi yetu, aliyeketi hapa mbele. Kaka yangu aliniomba nifute habari ya mawingu kabla ya kuchapisha. Alisema, "Dada, huo si wasifu wa baba, ni wako." Nilijaribu kuifuta, nikashindwa. Kaka alisema kweli: ni wangu pia.

Baba apumzike kwa amani. Sisi tulioachwa bado hatujaipata.