Pua ya Nereida, Injini ya Evelio

Wasikilizaji wapendwa, kama kwenu hakuna umeme na redio ya jirani ina betri, sogeeni dirishani kwake. Leo tunamkumbuka Evelio Rosabal wa hapa milimani Buey Arriba, dereva wa lile gari la abiria la kijani la Kimarekani, lililozeeka kabla yangu. Evelio tulimzika Ijumaa. Mimi bado nikisikia honi pale kona ya duka la mikate, nageuka.

Nawasimulia wiki ile injini ilipochemka. Mnajua figo za mkewe, Nereida, hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki lazima ashuke mjini Bayamo kwenye mashine ya kusafisha damu. Gari la hospitali likikosa mafuta, na hukosa, Evelio ndiye aliyemshusha. Mara tatu kwa wiki, wasikilizaji. Akikosa mara moja anavimba. Akikosa mara mbili, tusiseme.

Sasa, mshale wa joto kwenye magari yetu ulikufa zamani. Dereva wa milima hii ananusa. Maji ya rejeta yakianza kuchemka yana harufu yake; unaegesha, unasubiri. Lakini homa ya mbu ilimwacha Evelio hanusi kitu, na hakumwambia mtu. Aliona aibu. Nani atapanda gari la dereva asiyenusa?

Siku ile wanapandisha kutoka Bayamo, Nereida akasikia harufu. Akanyamaza. Aliniambia mwenyewe: "Nilidhani naye anaisikia. Nimfundishe dereva kazi mbele ya abiria? Nikajikausha." Mvuke ulipofumuka, injini ilikuwa imekwishakwama.

Fundi Argelio akaifungua yote uani kwa Evelio. Mimi ni jirani, nilikuwepo. Kifuniko cha silinda kilikuwa kimepinda, na hicho kinasawazishwa. Hofu ilikuwa bloku, lile pande la chuma linalobeba silinda zote. Bloku likipasuka, gari ni la kufugia kuku. Argelio akalipaka mafuta ya taa, akafuta hadi likakauka, akapaka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka yakalowesha chaki. Tukasubiri. Evelio alishindwa kukaa. Alizunguka gari, akaingia jikoni, akatoka, kahawa imempoa mkononi.

Mstari ukatokea. Mwembamba, karibu na silinda ya tatu.

"Naweza kuushona kwa pini za chuma," Argelio akasema. "Ila siahidi kitu. Utapanda mlima mara moja, au utapanda miaka. Sijui."

"Kuna yule mtu wa Havana anataka bodi tu, injini haitaki," akadakia Ulises, mdogo wake Evelio. "Muuzie. Kaka, tuseme ukweli. Unafufua injini kwa ajili ya nani? Shemeji si unamwona alivyo?"

Nereida alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Sote tulijua amesikia, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Ulises hajakosea," akasema. "Uza, Evelio."

Hapo ndipo Evelio alipokiri. "Nerei, mimi sinusi. Tangu ile homa. Kahawa yako kwangu ni maji ya moto tu. Hii injini nimeiua mimi."

Nilidhani Nereida atalia. Badala yake akafoka: "Mwaka mzima unaisifia kahawa yangu! Mwongo mkubwa wewe!" Kisha akavuta pumzi. "Haya, lishonwe. Lakini nakaa mbele, na nikisema simama, unasimama."

Likashonwa. Mliowahi kupanda mnakumbuka. Kila kona, Evelio roho juu: "Nerei?" Naye: "Twende." Kona nyingine: "Nerei?" Abiria walichoka. Miaka sita, wasikilizaji. Miaka sita kwa bloku lenye ufa.

Alhamisi iliyopita walirudi salama kutoka Bayamo. Evelio akajilaza kidogo kabla ya chakula. Hakuamka. Sote tulikuwa tukimhofia Nereida. Evelio hatukumhofia hata siku moja.

Jumamosi, kesho yake baada ya maziko, ilikuwa siku ya mashine. Gari la hospitali halikuwa na mafuta. Nereida alivaa, akakaa kizingitini na mkoba wake, hana wa kumpeleka. Mara honi. Kwenye usukani alikuwa Ulises. Yule yule Ulises.

"Shemeji, pua yangu ni nzima," akasema, jasho linamtoka, "lakini gari hili naliogopa. Panda. Mbele."

Walipofika kona ya kwanza akauliza: "Shemeji?"

Nereida akanusa. "Twende."

Kwako Nereida, kwako Ulises, kwa akina Rosabal wote, poleni. Mungu awape nguvu. Na wewe unayeuguza mtu, kabla hujapiga hesabu kama inafaa au haifai, geuka kwanza uone nani yuko mlangoni.

Leo ni Jumanne. Mkisikia honi pale kona ya duka la mikate, wapisheni njia. Wanashuka.