Aliyelinywesha Gari Mafuta ya Ndege

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na karakana ya pampu za dizeli. Asubuhi hukaliwa na watu walewale. Kuna kinyozi mwenyewe, ambaye kwa kutojua kunyamaza wamempa jina la Redio. Kuna Rubani, ambaye hajawahi kurusha hata tiara, ila aliwahi kufagia kiwanja kidogo cha ndege, na sasa anauza mafuta ya huko kwa madumu, nyuma ya nyumba yake. Halafu kuna dereva wa gari la wagonjwa la zahanati, mtu wa maneno machache, mdogo wa tumbo moja wa Fundi, mwenye karakana ile ya pampu. Muuza kahawa huweka jiko lake mwishoni mwa ubao na kumimina bila kuulizwa. Siku hiyo Fundi hakuja kunywa. Alivuka barabara na sinia la bati lenye pampu iliyofumuliwa, akalibwaga katikati ya vikombe.

— Haya! Leo mtaniambia!

— Fundi, kikombe changu hicho umekipasua, alisema muuza kahawa.

— Mimi jina langu limepasuka siku ya nne leo, nani amenihurumia?

Kila mmoja pale alikuwa amelisema jina hilo vibaya mahali fulani. Siku nne zilizopita gari la wagonjwa lilizimika katikati ya mlima likiwa na mama mwenye uchungu. Saa nzima na nusu walikaa pale. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, juu ya shuka mbili za wapita njia. Yuko hai, lakini mama yake alivuja damu mpaka akapoteza fahamu, na hadi leo hajaweza kuketi kitandani. Pampu ya gari hilo ilikuwa imetengenezwa na Fundi wiki tatu kabla. Basi kesi ikaishia hapo. Mkewe aliambiwa bombani, mbele ya ndoo za watu, kwamba mumewe nusura aue. Malori mawili yaliyokuwa yakingoja zamu karakanani yaliondoka bila kuaga.

Fundi aliokota kijichuma chembamba kama penseli, akakiinua juu.

— Hiki nilikitia mimi, kipya, kinang'aa ungeweza kujitazama. Ona kilivyochubuka! Kimesuguana kikavu. Dizeli ina utelezi wake, kila inapopita inailainisha pampu. Hii haikupitiwa na dizeli. Hii imenyweshwa mafuta ya ndege!

Macho yote yakamgeukia Rubani. Rubani akanywa funda, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

— Mafuta ya ndege yana kosa gani? Ndege inabeba watu mia mbili juu ya mawingu. Itakuwa kigari cha zahanati?

— Hapo kasema, alidakia Redio. Mafuta mazuri kupita kiasi ndiyo tatizo. Gari likishaonja hayo, ukilirudishia dizeli linasusa.

— Linasusa! Fundi alipiga paja. Gari ni bi harusi?

— Usicheke. Mimi nakwambia lilikuwa na nguvu mno. Sasa fikiria: linapanda mlima, pua imeelekea juu. Injini inadhani imeshapaa. Ikishapaa si inapunguza moto? Ndiyo likazimika!

— Tena ndugu wa yule mama, aliyekaa mbele, alisema matairi yalikuwa mepesi, aliongeza Rubani.

— Ee! Mepesi! Lingepata kimteremko kidogo tu, tungezungumza mengine hapa.

Muuza kahawa aliguna. Dereva alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, hanywi.

— Na mjue wakubwa wanalificha jambo hili, Redio aliendelea, sasa amesimama na wembe mkononi. Wakituachia mafuta ya ndege, gari moja utamrithisha mjukuu. Nani atanunua magari yao? Ndiyo maana wanaleta mafundi watutishe.

— Wanileteje? Mimi nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa!

Sauti ya Fundi ilipasuka. Alikirudisha kijichuma kwenye sinia.

— Nisikilizeni nyie watu. Ndege kubwa zinatumia kitu ndugu yake mafuta ya taa, makavu, na injini zake ziliundwa hivyo. Ndege ndogo zinatumia petroli yenye madini ya risasi ndani yake, sumu hiyo. Yule mwenye pikipiki uliyemwuzia, Rubani, plagi yake niliitoa imeganda kijivu kama imepakwa saruji. Na mwanawe anapakiwa nyuma, juu ya bomba la moshi, kila siku anavuta! Wewe hata hujui dumu lipi lina lipi. Unachukua yale wanayoyakinga uwanjani kutoka kwenye matangi ya ndege kuona kama yameingia maji, yale ndege yenyewe hairudishiwi, unakuja kutunywesha sisi!

— Mimi nauza, alisema Rubani, na sasa sauti yake nayo ilikuwa imepanda. Simshiki mtu mkono. Umeniona naendesha gari la wagonjwa? Umeniona mlimani?

— Ulimwuzia nani?

— Nawauzia wengi. Mtu akija na dumu simwulizi anakwenda wapi.

— Labda wezi waliiba dizeli usiku na kumimina mengine, alisema Redio. Wapo watu hao. Au jini la mlimani, pale pana ajali nyingi.

— Jini! Jini lina mpira wa kumiminia mafuta?

Fundi aligeuka huku na huku. Alimtazama Rubani, akamtazama Redio, akamtazama mpaka muuza kahawa wa watu, kama kwamba naye ana dumu chini ya jiko. Upande mmoja tu wa benchi hakuutazama. Tangu usiku alipoifumua pampu ile macho yake yalikuwa hayaendi upande huo.

Hapo ndipo muuguzi wa zahanati alipopita. Alikuwa anatoka zamu, viatu mkononi, miguu imevimba. Ndiye aliyekuwa nyuma ya gari siku ile, ndiye aliyempokea mtoto.

— Hamjambo hapa. Kelele zenu zinafika langoni kwetu.

— Hatujambo, Sista, alisema Redio. Tunatafuta nani alilitia gari mafuta ya ndege.

Muuguzi alilitazama sinia, kisha akawatazama mmoja mmoja.

— Kwani dereva amesema aliweka mafuta gani?

Redio aliukunja wembe wake. Rubani aliinamia kikombe. Siku nne mtaa mzima ulikuwa umechambua gari, mlima, pampu na mikono ya Fundi, na swali hilo halikuwa limetoka kinywani mwa mtu. Safari hii hasira ya Fundi haikuwa kwa Rubani peke yake. Aligeuza kichwa polepole, akamtazama mdogo wake.

— Kaka, alisema dereva.

— Sema.

— Dizeli ya zahanati ilichelewa siku nane. Kila siku wananiambia kesho. Nikaona gari lisilale. Rubani akasema ni yaleyale tu.

— Hilo nalielewa. Ungeniambia siku ileile, ningekutetea mbele ya yeyote. Lakini siku nne umekaa hapa unanywa kahawa, mke wangu anatukanwa bombani, na wewe unasikia!

— Niliogopa kazi, kaka. Wewe ndiye uliyenitafutia.

Fundi aliutazama mkono wake. Ngumi alikuwa ameikunja, akaikunjua, akaifuta kwenye suruali.

— Sista, yule mama anaweza kusikia akisemeshwa?

— Anasikia. Kuzungumza bado.

— Inuka, Fundi alimwambia mdogo wake. Rubani, na wewe, twendeni mkamwambie.

— Mimi sina la kusema huko, alisema Rubani, akabaki ameketi.

Dereva naye hakuinuka mara moja. Fundi alimngoja, amesimama juu yake. Kisha dereva akaweka kikombe chini, kimejaa, akatangulia kuelekea zahanati.