Ejvind Hakati Plagi

Benchi la kijani nje ya duka la mikate, pale mjini Lemvig barabara inapoteremka kwenda bandarini, lina wenyewe. Ukilikalia asubuhi wao hawajafika, watakuja wasimame mbele yako kimya mpaka uondoke kwa hiari yako, maana watu wa huku Jutland Magharibi hawapendi makelele. Thorkild, aliyeuza matairi maisha yake yote na sasa anagawa maoni bure, wanamwita Waya Nene. Kila ugonjwa wa muziki yeye huutibu kwa waya nene zaidi. Gudrun, aliyekuwa mtu wa redio melini, ni Sikio. Na Ejvind, mwalimu mstaafu wa useremala, ni Plagi, jina alilolipata tangu Machi, yeye na mkewe Karna walipohama nyumba kubwa kuingia fleti ya vyumba viwili. Spika zake za zamani, kubwa kama makabati, hazikupita mlangoni. Amplifaya ya mwaka sabini na tatu ilipita. Akainunulia spika mpya za kukaa rafuni, ndogo kama mikate miwili myeusi. Amani ikaishia hapo.

— Imekata tena, alisema Ejvind Ijumaa moja kabla hata hajakaa. Spika ya kushoto. Karna kapita na kikapu cha nguo, sakafu ikatikisika kidogo tu, sauti kwisha.

— Waya, alisema Thorkild.

— Nimeshaweka waya yako.

— Nene zaidi.

— Bwana wee, hiyo niliyoweka inaweza kuvuta trekta!

Gudrun alimimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai, akampa Ejvind kikombe.

— Kunywa kwanza. Umeozesha wasiolingana, ndiyo shida yako. Hiyo amplifaya ni ya wati ishirini. Spika za zamani zilikuwa zinashiba haraka. Unazinong'oneza, zenyewe zinaimba mpaka jirani anasikia. Hivi vidude vya siku hizi ni vidogo lakini vina njaa. Ongeza sauti uone kama huyo mzee wako wa wati ishirini hatokwi jasho.

— Niliongeza. Akatokwa jasho. Lakini hakukata! Inayokata ni ya kushoto, mtu akipita.

— Basi mfungie Karna miguu, alisema Thorkild.

Ejvind hakucheka. Kesho yake binti yao Signe alikuwa anakuja kula chakula cha jioni, na alikuwa analeta kile kidude cha duara kinachopiga muziki ukikiamuru kwa mdomo. Karna alikuwa ameshatoa hukumu: amplifaya ikikata mbele ya wageni, inakwenda kwenye kituo cha kuchambulia taka, na rafuni kinakaa kidude. Ejvind alikuwa ameapa kwamba haiendi popote.

— Sasa nisikilizeni, alisema Thorkild, akisogea mbele kama mtu anayefungua mkutano. Tatizo ni umeme. Mwaka sabini na tatu tulikuwa na umeme wa makaa ya mawe. Mzito, unatiririka kama uji. Siku hizi tunakula umeme wa upepo. Unakuja kwa vishindo! Amplifaya ya makaa ukiilisha upepo, inapaliwa.

— Jana kulikuwa shwari kabisa, alisema Gudrun.

— Ndiyo maana ikakata! Upepo haukuwepo!

— Hebu toka hapa. Ejvind, ya kushoto inatazama wapi?

— Dirishani.

— Yaani Norwei. Si nilijua! Melini tulikuwa na spika moja, ikitazama kaskazini inanuna. Igeuze itazame Ujerumani.

— Nikiigeuza Ujerumani itakuwa inauimbia ukuta, Gudrun.

— Ukuta una ubaya gani? Bora ukuta kuliko kutosikia kitu.

— Mimi naona amplifaya ina majonzi, alisema Thorkild, ambaye hakuwa amemaliza. Miaka hamsini imesukuma magogo, leo inapewa vijiti. Mkono unakosa pa kushika.

Ejvind alivuta pumzi, akatoa mfukoni kitu alichokuwa akikificha tangu afike: waya fupi ya zamani ya upande wa kushoto, ile aliyoiunga mbele ya waya nene ya Thorkild. Mwishoni ilikuwa na plagi ya kizamani, yenye jino moja bapa na moja la duara. Spika mpya hazina tundu la meno hayo, zinataka shaba tupu. Kwa hiyo kwenye plagi kulikuwa na adapta, kwenye adapta adapta nyingine, kisha ya tatu, zote zimezungushiwa utepe mweusi kama kidole kilichovunjika.

Gudrun aliigusa. Ikalegea.

— Kata plagi, alisema.

— Sikati. Ni ya asili. Haijaguswa tangu itoke dukani.

— Hapo Plagi yuko sawa, alisema Thorkild, ghafla mpole. Ukikata plagi ya asili umekata pua ya sanamu.

— Nitapata adapta bora. Ipo mahali. Nitaipata.

Hapo ndipo Karna alipotoka dukani na mfuko wa mikate ya asubuhi. Wakasogea, akakaa katikati, akaiangalia ile waya kama mtu anayemwangalia paka wa jirani.

— Endeleeni, alisema. Nina swali moja tu. Tangu Machi, tumesikiliza santuri gani mpaka mwisho?

Ejvind alizihesabu kichwani. Alikumbuka ngoma za mwanzo za santuri moja, alikumbuka pumzi ya mwanamke kabla hajaimba katika nyingine. Pumzi ile aliijua kama ya kwake. Alichoimba yule mwanamke, hakukijua.

— Kuna ile ya piano, alisema.

— Uliitoa ilipoanza kupendeza. Ukasema sasa tupime matarumbeta.

— Shemeji, alisema Thorkild, hata mimi siku ile nilikuwepo.

— Ulisikia nini?

Thorkild alifikiri kwa uaminifu.

— Waya.

Gudrun aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Sina ugomvi na hiyo amplifaya, alisema Karna. Siku tunainunua nilibeba upande mmoja kutoka kwenye basi. Lakini tangu Machi sijui wimbo hata mmoja unaishaje.

Ejvind aliigeuza ile plagi kiganjani. Kisha akasema:

— Thorkild, una koleo?

— Lipo kwenye baiskeli. Ila Plagi, fikiria...

— Lete.

Alikata mara moja, bila kufumba macho. Plagi na adapta zake tatu zikaanguka kwenye mawe ya barabara. Akamenya ncha kwa kisu mpaka shaba ikatokeza, akasokota nyuzi zake vizuri, kwa mikono iliyofundisha watoto wa watu kuunga mbao.

— Hiyo sasa haitakata hata akipita farasi, alisema.

— Leo jioni, alisema Karna. Santuri nzima, pande zote mbili. Nachagua mimi.

— Sawa.

— Na hunyanyuki kugusa kitu.

Ejvind aliiangalia ile shaba mkononi. Kumbe kukata ndiyo ilikuwa nusu iliyo rahisi.

— Hata besi ikizidi?

— Hata ikizidi.

— Nitaikalia mikono yangu, alisema.

— Ikalie, alisema Karna.