Mariette Delhez, Mwenye Duka la Katuni la Kando ya Mto Vesdre (1948–2025)

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa pekee, Ghislaine, na ndiye anayeusoma. Padri aliomba uwe mfupi na wa upole. Utakuwa mfupi.

Marehemu Mariette Delhez alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Machi 1948, Ensival, hapa hapa Verviers, mtoto wa kwanza wa Bwana Joseph Delhez na Bi Léonie. Baba yao alikuwa mwosha sufi kiwandani. Kila Ijumaa alirudi na harufu ya mafuta ya kondoo, na mfukoni ana jarida la katuni la wiki iliyopita alilopewa na msimamizi wa zamu. Baba kusoma kulimpa tabu. Mariette alijua herufi zote kabla ya kuanza shule, akawa anakaa kwenye magoti yake na kumsomea maneno ya kila picha, naye baba anacheka akiwa amechelewa kidogo, baada ya kuhakikisha ameelewa.

Alisoma kwa masista wa Ensival kuanzia mwaka 1954 hadi 1962, kisha akajifunza ukarani kwa miaka mitatu. Huko kwa masista alikamatwa na jarida lake ndani ya kitabu cha sala. Sista Odile alilichukua, akampigisha magoti mbele ya darasa, na tukadhani limekwisha kwenda jikoni kuwashia moto. Baada ya wiki moja alilirudisha, akamwuliza kwa sauti ya chini kama toleo lililofuata limetoka. Mariette alikuwa akisema kwamba siku hiyo ndipo alipojua biashara atakayoifanya.

Lakini alianza kwa kuwa karani wa kiwanda cha sufi. Mwaka 1971, tarehe 12 Juni, alifunga ndoa na Albert Wilkin, dereva wa basi, mtu mpole aliyekuwa akifungua kila kitabu ukurasa wa mwisho kwanza ili ajue kama mbwa wa kwenye hadithi amepona. Walijaliwa binti mmoja, Bénédicte. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1975, Mariette alichukua kiinua mgongo chake, Albert akapiga misumari rafu za mbao za mwaloni, na Jumamosi ya tarehe 4 Septemba 1976 duka la katuni lilifunguliwa kando ya mto. Majirani walisema mwanamke mzima hawezi kuishi kwa kuuza picha za watoto. Aliishi kwa kuziuza miaka arobaini na minane.

Wengi mliopo hapa mnaikumbuka siku ya mchoraji. Mara nne au tano kwa mwaka Mariette alimwalika mchoraji, akampa kiti kizuri, kahawa na keki ya mchele kutoka kwa mwokaji wa jirani, na watu wakapanga foleni hadi darajani, kila mmoja na kitabu alichonunua, ili achorewe picha kwenye ukurasa wa kwanza. Picha hiyo ilikuwa ya bure. Mariette aliweka sharti moja tu, akaliandika kwa mkono wake na kulibandika mezani: mchoraji haanzi kuchora kabla ya kuandika jina la mtu anayemchorea. Sharti hili lilikuwa na maana. Picha isiyo na jina inauzwa ghali, kwa kuwa mnunuzi anaweza kujidai amechorewa yeye. Picha yenye jina ni zawadi, na inabaki zawadi.

Jioni, foleni ikiisha, mchoraji alimchorea na Mariette mwenyewe katika daftari kubwa la wageni. Ukurasa wa kwanza kabisa, wa mwezi Aprili 1977, ulichorwa na mzee Fernand Lambiet, ambaye wakati ule hakuna aliyemjua, na ambaye baadaye mlisafiri hadi Paris kumwona. Alimchora Mariette nyuma ya kaunta, paka wake Moka, mwenye sikio lililochanika, begani, na chini akaandika: "Kwa Mariette, aliyenipa kiti." Daftari lilifikisha michoro mia mbili na kumi na sita. Kila mmoja ulikuwa na jina la Mariette.

Sasa yaje yale ambayo padri hakuyataka. Shukrani ya punda ni mateke, na Mariette aliyapokea kwa zamu. Supamaketi zilipoanza kuuza vitabu vilevile kwa bei ya kutupa, wateja wake walivinunua huko, kati ya viazi na sabuni, kisha wakaja navyo kwenye siku ya mchoraji, vibandiko vya bei vikiwa bado vimeng'ang'ania majaladani. Ghislaine aliviona kwa macho yake. Alitaka kuwafukuza.

"Waache, Ghislaine," dada yake alimwambia. "Wakishachorewa wataona haya, watarudi kununua hapa."

"Hawa? Hawa wana haya?"

"Wewe kata keki."

Hawakurudi kununua. Walirudi kuchorewa.

Halafu kuna Bwana Raymond Crutzen, mkaguzi wa tiketi za treni aliyestaafu. Kama amekuja leo, na Ghislaine anaamini amekuja kwa sababu huyu hajawahi kukosa foleni, asikilize. Kwa miaka kumi Raymond alikuwa wa kwanza mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe, na kila mara alimwambia mchoraji aandike "Kwa Nicole", kwamba ni mke wake, kwamba anapenda sana katuni lakini miguu inamsumbua. Mwaka 1998 Mariette alikuwa akipitia orodha ya mnada wa Brussels akakuta picha yenye paka aliyechanika sikio. Moka. Alikwenda, akakinunua kitabu hicho kwa hela yake, akakiinua kwenye taa. Mahali pa jina karatasi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Jina lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, lakini alama ya kalamu bado ilisomeka: Nicole.

Alipanda kilima hadi kwa kina Crutzen, Ghislaine akiwa nyuma yake anahema. Nicole alifungua mlango na aproni kiunoni.

"Nicole, nimekuletea kitabu chako. Kilipotea njia, nimekikuta mnadani."

"Kitabu gani, Bi Mariette? Mimi katuni sisomi. Zinaniumiza macho."

"Kumbe. Na mimi mwaka wa kumi huu namwona mumeo anasimama kwenye mvua kwa ajili yako."

Nicole alikitazama kile kitabu, akageuka kuelekea ndani. "Raymond, hebu njoo hapa unieleze. Mimi nimesoma vitabu vingapi?"

Raymond alikuja dukani Jumamosi iliyofuata na keki ya mchele, akalia mbele ya wateja. Mariette alimsamehe, akamrudishia nafasi yake kwenye foleni. Ghislaine hakumsamehe, akaambiwa ana moyo mgumu. Sawa.

Duka liliendelea kupanda na kushuka. Miaka ya elfu mbili vijana walianza kuulizia katuni za Kijapani, zinazosomwa kutoka kulia. Wenye maduka wengine waliwacheka. Mariette, akiwa na miaka hamsini na sita, alikaa wiki nzima jikoni akijizoeza kufungua kitabu kwa upande wa nyuma, Albert akimwambia hatimaye wamekubaliana kuanzia mwishoni. Vijana wale walikaa sakafuni, wakasoma, wakanunua, wakaliweka duka hai kwa miaka mingine kumi. Albert alifariki mwaka 2009. Baadaye simu ziliwachukua vijana nao: walikuja kupiga picha majalada, wakaagiza mtandaoni hata kabla hawajafika mlangoni. Na filamu za katuni zilijaza kumbi za sinema, kila mtu akavaa fulana yenye shujaa kifuani, na katika duka linalouza vitabu vya shujaa huyo hapakuwa na mtu. Magazeti yaliandika kwamba katuni imepata heshima yake. Heshima hiyo haikupita mtaani kwetu.

Tarehe 15 Julai 2021 Mto Vesdre uliingia dukani na kufika juu ya mlango. Vitabu vilivimba kwenye rafu mpaka mbao za Albert zikapasuka. Kufa kufaana: matope hayajakauka, wakaja watu na mabuti ya mpira, hawakuja na sepetu, wakauliza kama kuna matoleo ya kwanza yaliyopona, hata yenye unyevu. Mmoja aliulizia daftari la wageni, ambalo lilikuwa salama ghorofani. Alitaja bei ambayo ingefungua duka upya siku hiyohiyo. Mariette alimpa ndoo, akamwonyesha matope yalipo.

Na haki isemwe, hata kwa hasira. Raymond Crutzen alikuja na sepetu lake. Kwa siku tatu alibeba matope, mzee wa miaka sabini na minne, na hakuulizia chochote. Ghislaine alimpikia supu. Siku ile alianza kuamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekosea. Duka lilifunguliwa tena Aprili 2022, chumba kimoja badala ya viwili.

Septemba 2024 Mariette aligundulika ana saratani ya kongosho. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Aliomba kitu kimoja.

"Mlango usifungwe, Ghislaine. Nikitoka hapa nataka nikute taa inawaka."

Ghislaine, mwenye miaka sabini na mmoja, alisimama nyuma ya kaunta vuli nzima. Siku nyingine waliingia wateja wawili, siku nyingine aliingia mtu wa posta tu. Mwenye nyumba alitaka kodi yake au chumba chake, kufikia Krismasi. Tarehe 9 Desemba Raymond aliingia, akavua kofia, akamuulizia mgonjwa, akasikia habari za mwenye nyumba. Alisema kwa ukurasa mmoja tu wa daftari, ule wa Lambiet, duka lingevuka hadi Pasaka.

"Nitautundika sebuleni, dada Ghislaine. Nicole, Mungu amrehemu, angependa."

"Na jina?"

"Naapa kwa kaburi lake. Sitaligusa."

Ghislaine aliukata ule ukurasa kwa kisu cha jikoni. Hakumwambia dada yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ilikuwa ya Ghislaine mwenyewe.

Jumamosi tarehe 8 Februari Mariette aliomba aletewe daftari hospitalini, alipitie. Hakukuwa na njia ya kumkatalia. Alilifungua magotini, akakuta kipande cha karatasi kilichobaki kwenye mshono, akapitisha kidole juu yake, kikashuka, kikapanda.

"Umempa nani?"

"Raymond. Ilikuwa kodi, dada. Ulisema mlango usifungwe."

 Ghislaine alingoja atukanwe, na alitaka kutukanwa.

"Jina ameliacha?"

"Ameliacha. Liko sebuleni kwake, nimeliona."

"Basi. Nilikwambia Raymond amebadilika." Kisha akaanza kufungua kurasa nyingine.

Ghislaine hakuwa ameliona. Alisema vile kwa kuwa alitaka dada yake apate usingizi. Mariette alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka sabini na sita. Dukani taa ilikuwa inawaka.

Ijumaa, Bénédicte alimwonyesha shangazi — samahani, mama yake mdogo — tangazo la mnada kwenye simu. Mchoro wa Fernand Lambiet, mwanamke na paka, mwaka 1977, hali nzuri, hauna jina la mtu. Ulitangazwa tarehe 30 Januari. Kwa hiyo siku ile hospitalini, Mariette anauliza kama jina limeachwa, lilikuwa limekwisha kukwanguliwa, angalau siku tisa nyuma. Yeyote anayemtazama Raymond sasa amtazame na Ghislaine. Kisu kilitangulia wembe.

Marehemu ameacha binti, Bénédicte, mkwe wake Luc, wajukuu wawili, Florent na Aurore, mdogo wake Ghislaine, na daftari lenye michoro mia mbili na kumi na tano, ambalo halitauzwa kwa mtu yeyote wala kwa sababu yoyote. Ametanguliwa na wazazi wake na mume wake Albert.

Fundi wa kuchonga jiwe la kaburi aliuliza jana jina liandikwe vipi. Alisema siku hizi watu wengi wanachagua rangi ya dhahabu iliyopakwa juu, inapendeza na ni nafuu. Ghislaine alimwambia achimbe. Fundi akauliza achimbe kiasi gani, na Ghislaine akamwonyesha kidole chake, akasema kiingie hadi kwenye kifundo.

Mariette Delhez, lala kwa amani.