Vioo Vitatu na Jina Safi: Safari ya Fundi Zephaniah Kibet Koros

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wetu wa hapa Edmonton, London, ninyi mliotoka Thamesmead na Wembley kwa treni mbili na basi, na ninyi mafundi mliokuja na jaketi za kazi kwa sababu mlijua mwenyewe angependa hivyo, nawasalimu kwa niaba ya familia. Mimi ni Ann Cherono, muuguzi, dada mdogo wa marehemu, na nimekabidhiwa karatasi hii kwa sababu, walivyosema watu wa kamati, sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Nitasoma kwa utaratibu tunaoufahamu, tangu kuzaliwa kwake hadi kulala kwake, ila nawaambia mapema kwamba katikati kuna jambo linalohusu jina lake la ufundi, ambalo kamati haikuliandika, nimeliongeza mwenyewe kwa mkono, na nikifika hapo naomba mnivumilie.

Zephaniah Kibet Koros alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Londiani, Kericho, saa za mchana, kama jina la Kibet linavyoeleza kwetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Joel Koros, aliyefanya kazi ya kukagua njia ya reli, na marehemu Mama Rael. Wanaodhani kwamba baridi ilizaliwa Uingereza hawajawahi kulala Londiani mwezi wa Julai, ambako mama yetu aliziba kila ufa wa dirisha la mbao kwa matambara na magunia, na Kibet, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha hilo, alijua tangu utotoni upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Naomba mkumbuke matambara hayo ya mama, tutayarudia.

Alianza shule ya msingi hapo Londiani mwaka 1969, akamaliza mwaka 1975, akaendelea na sekondari mjini Kericho hadi kidato cha nne mwaka 1979, ambapo alama zake za hisabati zilitutoa kimasomaso na zile za historia familia imekubaliana kuzinyamazia. Mwaka 1981 aliingia chuo cha ufundi Nakuru, akasomea useremala, akapata cheti chake Novemba 1983, na kuanzia mwaka uliofuata alifanya kazi mjini humo kwa miaka kumi na sita, akitengeneza milango, madawati ya shule na fremu za madirisha.

Tarehe 9 Disemba 1995, hukohuko Nakuru, alifunga ndoa na Wanjiru, ambaye sisi sote tunamwita Shiro, muuguzi kutoka Limuru, mwanamke mpole kwa sura na mgumu kwa msimamo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Maureen aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1997, na Eddie aliyezaliwa hapa London tarehe 6 Agosti 2002. Shiro alitangulia kuja kufanya kazi hospitalini mwaka 1999, na Kibet akamfuata tarehe 11 Machi 2000, akiwa amemshika Maureen mkono mmoja na mkono wa pili amebeba sanduku la randa na patasi, lililokuwa zito kuliko nguo zote za familia.

Walipanga Thamesmead, ghorofa ya nne, katika nyumba yenye madirisha ya kioo kimoja kimoja, na majira ya baridi maji yalitiririka ndani ya vioo hivyo kila asubuhi, nami wakati huo nikikaa nao, tukawa tunatandika taulo chini ya dirisha na kuzikamua kwenye ndoo. Kibet wakati huo alikuwa akipakia mizigo katika ghala moja la huku Edmonton, na Eddie alipozaliwa alitumia baridi yake ya kwanza akiingia na kutoka hospitalini kwa sababu ya kifua, hata siku moja kaka yangu akasimama mbele ya dirisha, akaweka kiganja chake juu ya kioo, akasema kwamba hicho si dirisha, ni tundu lililotiwa rangi ya maji. Nadhani siku hiyo ndipo kazi yake ya kweli ilipoanza, ingawa bado hakuwa ameipata.

Aliipata mwaka 2003 huko Wembley, alipokwenda kununua kipande cha kioo katika karakana ya Bwana Avtar, ambaye yuko hapa mbele amevaa kilemba cheusi. Kibet alikuwa akihesabu vipimo kwa Kiswahili chini ya pumzi, Bwana Avtar akamsikia, akamuuliza katoka wapi, na alipoambiwa Nakuru akapiga meza kwa furaha, maana naye alizaliwa Nakuru na akasoma huko hadi alipokuwa kijana. Jumatatu iliyofuata Kibet alikuwa kazini, na somo lake la kwanza, ambalo alipenda kutuigizia kila Krismasi, lilikuwa hili: "Bwana Kibet, hii kioo ni kama mtoto, beba na mikono mbili, na wewe hapana cheka njiani."

Mwaka 2009 karakana hiyo ilianza kufunga madirisha ya vioo vitatu, na hapo kaka yangu akawa kama mtu aliyeokoka, kwani popote alipokaribishwa chai alihubiri. Alieleza kwamba katikati ya kioo na kioo kumejazwa gesi isiyopitisha joto kwa urahisi, kwamba juu ya kioo kumepakwa utando usioonekana unaorudisha joto chumbani, kwamba kioo cha ndani hubaki na uvuguvugu hata nje kukiwa na barafu, na kwamba yote hayo ni bure kama fundi hakunyoosha fremu kwa pima maji na kuziba kingo zake barabara. Ukimtilia shaka aliwasha kiberiti mbele ya dirisha, akakuhesabia miali ndani ya vioo, jozi tatu, na mmoja wenye rangi tofauti na wenzake, akasema huo ndio utando wenyewe, usiende kudanganywa na mtu.

Mwaka 2011 yeye na Shiro walinunua nyumba yao hapa Edmonton, ile iliyo karibu na reli, na mwaka 2012 akaifungia madirisha hayo mwenyewe kwa siku nne. Shiro alishusha kipimo cha joto kutoka ishirini na mbili hadi kumi na tisa na bado akavua sweta, boila ya kupashia nyumba joto ikapata nafasi ya kupumzika, kitanda cha Eddie kikasogezwa hadi chini ya dirisha, na mtoto wa kifua akalala hapo majira yote ya baridi bila kukohoa, ingawa alipoulizwa na baba yake analalaje alijibu tu, "Fine, Dad." Kizuri chajiuza, na wageni waliofika pale kwa maombi walikuwa wakiuliza habari za madirisha hata kabla ya kufumba macho.

Sasa nimefika pale niliposema.

Mwezi Oktoba 2014 Kibet alinifungia mimi madirisha ya vioo vitatu, nyumba nzima, na juu ya kila dirisha kulikuwa na kitundu chembamba cha hewa chenye kifuniko cha kusogeza, jumla kumi na kimoja. Baridi ilipoingia nilipitisha kiganja juu ya vitundu hivyo nikahisi upepo, nikakumbuka matambara ya mama, na kwa kuwa mimi ni muuguzi, niliviziba vyote kwa plasta nyeupe ya kufungia vidonda, nadhifu kabisa, usingeiona hadi uisogelee. Kisha nikaendelea na maisha yetu tunayoyajua, githeri ya mahindi na maharagwe ikichemka kwa saa tatu bila kifuniko, sare za kazi zikikauka juu ya hita, mlango umefungwa, na ilipofika Januari ukungu mweusi ulikuwa umetanda nyuma ya kabati na pembe zote za chumba cha kulala. Nyumba ya mama ilikuwa na upenyo chini ya mabati, ungeziba dirisha mwaka mzima na bado ikapumua, lakini hii ya kwangu niliifanya sufuria yenye kifuniko, nikakaa ndani yake.

Kama ningemwita kaka yangu, ingeishia hapo. Badala yake nilisimama kwenye ushirika wa Alhamisi, mbele ya watu wasiopungua thelathini, wengi wenu mlikuwapo, nikasema madirisha ya Kibet yananioza nyumba. Maneno hayo yalifika Thamesmead kabla mimi sijafika nyumbani, na yakisemwa na dada yake wa tumbo moja, nani angeyapinga? Familia tisa zilizokuwa zimemwomba awafungie zilighairi ndani ya mwezi mmoja, waliokuwa wakiona umande upande wa nje wa vioo vyao asubuhi wakaanza kusema nao wameharibikiwa, wakati umande huo ni dalili kwamba joto limebaki ndani na kioo cha nje hakilipati, na Shiro aliniambia baadaye kwamba kaka yangu alikuwa akikaa jikoni akizungusha kikombe, akiuliza kama arudi ghalani.

Jumamosi tarehe 7 Februari 2015 alikuja kwangu peke yake, na kisanduku chake. Alisimama kwenye kiti, akaona plasta ya kwanza, akanitazama, nami nikaangalia sakafu. Alizibandua zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, akazikunja akazitia mfukoni, akasugua ukungu wangu kwa mikono yake hadi jioni, akafunika sufuria yangu, akaniomba chai. Nilijua kwamba kesho yake ni Jumapili, na kwamba neno moja tu kutoka kwake lingesafisha jina lake na kuchafua langu, na nawaambia sikula chakula cha jioni.

Jumapili hiyo alisimama hapa, karibu na nguzo ile, akasema kwamba kosa ni lake. Alisema fundi akifunga dirisha asifundishe watu kuliishi amefanya nusu ya kazi, akaomba radhi, akaahidi kupita kila nyumba aliyowahi kufungia madirisha. Hakunitaja. Alipita kweli, miezi mitano, jioni baada ya kazi na Jumamosi nzima, akiwaambia watu wafungue vitundu, wafunike sufuria, wasikaushe nguo ndani bila kuacha dirisha wazi, na kila asubuhi wafungue pande mbili za nyumba dakika kumi, kwa maana nyumba iliyozibwa vizuri lazima ipewe njia ya kupumulia. Na huko, ndugu zangu, alikuta matambara, alikuta gundi, alikuta soksi, kumbe wana wa Londiani tuko wengi. Ukungu ukaisha, kazi zikarudi, na hadi anastaafu mwaka 2024 alikuwa amefungia madirisha nyumba zaidi ya mia nne, na hakuna hata moja aliyoiacha kabla ya kuketi na wenyewe na kuwaonyesha kitundu cha hewa.

Miaka kumi na zaidi nilikaa kimya, na alinisitiri miaka yote hiyo. Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, basi leo ukweli ni huu: dirisha la Kibet halikuwahi kuwa na kosa, kosa lilikuwa plasta ya Ann, na atakayetoka hapa na kulisimulia Thamesmead nitamshukuru.

Afya yake ilianza kudhoofika Mei 2025, na mwezi Juni madaktari waligundua saratani ya kongosho, ambayo haikutupa muda. Aliomba augulie nyumbani, akawekewa kitanda sebuleni chini ya dirisha lake, ambapo treni zilipita na alituuliza kama zimegoma, maana hakuzisikia. Siku zake za mwisho alimshika mkono Eddie, ambaye sasa ni mhandisi wa majengo, akamwuliza kama wanaojenga siku hizi wanaacha nafasi ya hewa, na Eddie akamjibu kwa Kiswahili, sentensi nzima bila kukwama: "Tunaacha, Baba, wewe ndiye ulinifundisha." Kibet alilala tarehe 13 Novemba 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Shiro akiwa kichwani pake, Maureen na Eddie kila mmoja upande wake, na mimi miguuni. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alituambia kwamba kwao ni desturi dirisha lifunguliwe mtu anapoondoka, akatazama nani atalifungua, nikainuka mimi. Lilifunguka kwa kidole kimoja, zito vile lilivyo, bila mlio.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa waliokuja nyumbani kila siku na kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa, majirani wa mtaa mzima kwa chakula na kwa kutuachia nafasi za kuegesha magari, Bwana Avtar na mafundi wa karakana waliolibeba jeneza leo asubuhi kwa mikono miwili na bila kucheka njiani, Mchungaji na kanisa, na kila nyumba iliyomfungulia mlango, kabla na baada ya yale niliyoyasema.

Kaka, kabla ya kuja hapa leo asubuhi nilipanda kwenye kiti nikavikagua vitundu vyangu vyote, kumi na kimoja, viko wazi, na nyumba ina joto. Pumzika kwa amani, fundi wetu, jina lako ni safi.